Sumaku ya Kuokotea Pini

2 Februari

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana habari niliyo nayo ni kubwa na najua utaacha cherehani usimame.

Nimeipata sumaku kubwa. Watu hapa maabara huisubiri mwaka mzima, na mimi niliyekuja juzi nimepewa wiki mbili zangu peke yangu, mwezi wa nne. Baada ya hapo inakwenda kwa wengine, na sijui itanirudia lini. Nikizitumia vizuri, nabaki kwenye kazi hii. Nikizipoteza, sitapata wa kunipa nyingine.

Uliwahi kuniuliza kwenye simu nafanya nini hasa, nikakujibu "mambo ya umeme," ukanyamaza kama mteja aliyeambiwa suruali yake itakuwa tayari kesho. Sasa nakueleza vizuri. Chukua vitambaa viwili, ulaze kimoja juu ya kingine, uvibane hata pumzi isipite. Pale vinapogusana ndipo elektroni zangu zinapokaa. Haziwezi kupanda wala kushuka, zinateleza tu bapa, kama chaki juu ya kitambaa. Vitambaa vyenyewe ni semikondakta, aina ya vitu wanavyotengenezea chipu za simu, na kipande chote ni kidogo kuliko kifungo cha shati. Tunakipoza mpaka baridi isiyo na mfano, halafu tunawasha sumaku.

Hapo ndipo vituko vinaanza. Sumaku ikikolea, elektroni za katikati zinazunguka palepale, kila moja na kiduara chake, haziendi popote. Za ukingoni hazipati nafasi ya kumaliza duara. Zinagonga ukingo, zinarukia mbele, zinagonga tena, zinarukia mbele, hivyo hivyo mpaka zinafika upande wa pili. Umeme unapita huko pembeni. Na nikiongeza sumaku polepole huku napima, kipimo hakipandi kama mteremko, kinapanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ni bapa kabisa. Kipande kiwe safi au kiwe na doa, kiwe kimekatwa sawa au kombo, ngazi inatoka ileile. Ukimpata fundi nguo ambaye kombo lake halionekani hivyo, naomba anwani yake.

Siku ya mwisho ya zamu yangu ni siku ya wageni, na kila mtu anaruhusiwa kuleta mmoja. Wenzangu wanaleta wachumba. Mimi nakuleta wewe. Utaacha funguo zako nje, uingie mpaka chumbani, uliguse kwa mkono wako pipa lenye sumaku, refu kukuzidi. Naomba useme ndiyo.

Mwanao,
Pini


11 Februari

Pini binti yangu,

Marahaba, na ile ya akiba nimeipokea pia, nimeiweka kabatini.

Ndiyo. Nimeanza na hilo usije ukaruka mistari kulitafuta. Barua yako nimemsomea mama mmoja aliyekuja kupunguziwa gauni, akasema hajaelewa kitu ila amefurahi sana. Mimi nimeelewa kidogo kumzidi. Hizo elektroni za ukingoni zinakwenda kama uzi ninapopiga pindo la blanketi: sindano inaingia, inazunguka, inatokea mbele kidogo. Kama sivyo, niache hivyo hivyo, maana nimeshajisifu kwa majirani. Kitu kimoja tu kinanisumbua. Hizo zinazokwenda, hazichoki?

Nimekwisha kukata koti la safari, la kijivu. Watu hawajui kwamba fundi wao hana koti. Miaka yote nimekwenda kwenye harusi nimevaa la yule mteja aliyeacha vipimo na asirudi, na kila harusi nakaa karibu na mlango nisije nikakutana naye.

Nitakuja na sumaku yetu, ile pete tuliyoitoa kwenye spika mbovu. Bado naivaa shingoni kwa kamba. Jioni nikifunga kazi naining'iniza chini ya meza, pini zinarukia, na kila mara nakukumbuka ukitambaa nyuma yangu ukiokota zile zilizonikwepa, mpaka jina likakuganda. Nataka nayo ikampe shikamoo mkubwa wake.

Baba yako, mwenye koti


6 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Usishtuke kuona karatasi ya hospitali. Ningekuwa mahututi mwandiko ungekuwa mbaya zaidi ya huu.

Nilianguka kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi, bahati nzuri sikujikata. Kumbe siku zote hizi nilizokuwa nalalamika uchovu, moyo ulikuwa unapiga na kusahau, unapiga na kusahau. Wamenipasua kidogo chini ya bega la kushoto, wakaniwekea kidude chenye betri. Kazi yake ni kuukumbusha moyo. Naendelea vizuri, wanasema nitatoka wiki hii.

Shida iko hapa. Daktari alipoiona sumaku shingoni mwangu alinivua mwenyewe, hakungoja ruhusa. Anasema ikikaa karibu na kifua, kidude kinapotea hesabu. Nikamuuliza je, kubwa zaidi ya hiyo? Akataka kujua kubwa kiasi gani. Nikamwambia iko kwenye pipa refu kuliko mimi, na watu huacha funguo nje kabla ya kuingia. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akaniambia kwenye chumba hicho nisitie mguu.

Basi safari ya Pini imekufa. Lakini Dada, asijue sababu. Akijua leo, kesho yuko kwenye basi, na wiki zake mbili zimekwenda na maji. Unakumbuka mama yake alipougua? Mtoto aliacha mtihani wa mwisho katikati, akakaa kando ya kitanda mpaka mwenzetu akatutangulia, akarudia mwaka mzima. Sikumlaumu na simlaumu. Ila mwaka mwingine wa maisha yake sitaki uende kwangu. Akishazima hiyo mashine nitamwambia kila kitu mwenyewe. Nifichie mpaka hapo.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hustahili. Mtu anaanguka chali, na mimi dada yake wa tumbo moja napata habari kwa barua kama tangazo la mnada.

Nitanyamaza mpaka sumaku izimwe. Siku moja zaidi sikupi. Na usinitume niseme uongo, huo utaushona mwenyewe. Nakuonya tu kwamba wewe ni fundi wa nguo, si wa uongo, na mishono yako itaonekana. Binti yako ana macho. Asipojua kwamba unaumwa, atatafuta sababu nyingine, na mtoto akitafuta sababu huanza na kudhani hapendwi.

Nakuja Ijumaa na sufuria zangu. Usiguse mkasi.

Dada yako


14 Machi

Pini mwanangu,

Marahaba. Natumaini kazi inaendelea vizuri.

Ninasikitika kukuambia kwamba sitaweza kuja siku ile ya wageni. Kazi zimebana, kuna sare za shule nyingi zinasubiri. Tena nimefikiri, mambo yenyewe ni ya wasomi, nitakaa pale kama kabati. Mlete rafiki yako mmoja atakayeelewa. Fanya kazi kwa bidii na kula vizuri.

Baba yako


23 Machi

Baba,

Shikamoo.

Bahasha ilikuwa nzito kuliko barua iliyokuwamo. Niliigeuza nikitafuta karatasi nyingine, nikidhani moja imebaki ndani.

Sare za shule? Baba, mimi nimelala juu ya marobota ya sare utoto wangu wote. Najua msimu wake kama ninavyojua siku yangu ya kuzaliwa, na msimu wake si huu. Nimekupigia simu, hupokei. Halafu hilo koti limekwenda wapi, lile la kijivu? Umemshonea nani?

Nitasema lililo moyoni, maana likikaa litaoza. Siku niliyokuambia nimechagua fizikia ulikuwa unatunga uzi kwenye sindano. Hukuinua kichwa. Ulisema, "Na cherehani nimwachie nani?" Ukacheka, nami nikacheka, lakini neno lile nimelibeba mpaka huku. Nimelala nalo, nimefaulu nalo. Ulipokubali kuja nilidhani nimelitua. Sasa naona hukuwa unatania siku ile, na hii kazi yangu kwako ni kitu ulichonivumilia tu.

Umeniweka pembeni, Baba. Nafasi yako sitampa mtu. Itakaa tupu na watu waulize.

Naanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nne.

Mwanao


30 Machi

Pini,

Nimeisoma. Nimeiweka mezani, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaisoma tena.

Kwenye kifurushi hiki kuna sumaku yetu. Kaa nayo wewe. Huku haina kazi tena. Mkono wangu una mazoea mabaya, ukiiona unanivisha shingoni wenyewe, kwa hiyo bora iwe mbali na mimi.

Usiniulize kitu sasa. Fanya kazi yako, tutazungumza ukishazima mashine. Ila lishike hili na ulirudie uchungu ukikulemea: si kwamba sitaki kuja.

Baba yako


9 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Juzi kwenye simu tulilia badala ya kuongea, na Shangazi alikuwa anapiga kelele nyuma yako kwamba daktari amekataza, kwa hiyo nusu ya niliyotaka kusema imebaki. Nakuandikia hiyo nusu.

Unataka kujua nilijuaje. Mlangoni kwetu kuna yule ninayemwita Fundi wa Baridi, anayetujazia mitungi ya kupozea. Kila anayeingia humuuliza maneno yaleyale: una chuma mwilini, una kifaa cha moyo? Nimeyasikia mpaka siyasikii tena. Juzi hiyohiyo alikuja mzee mmoja kuleta vipuri. Alipoulizwa akagusa hapa, chini ya bega, akasema, "Ninacho," akabaki nyuma ya mstari wa njano, akanyoosha mkono kutoka huko kupokea karatasi zake za kusaini. Mimi nilikuwa kwenye meza ya nje, droo wazi, sumaku yako ndani ya droo. Nikaitazama. Siku zote tangu ifike nilikuwa nimeichukulia kama mtu anayerudisha pete ya uchumba. Ndipo nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza siku ya kwanza kama nisingekuwa nimevimba kwa hasira: fundi nguo akitoa sumaku yake, pini zake anaokotea nini? Na kwa nini anataka iwe mbali na mwili wake?

Nikafunga droo, nikachukua simu. Nilipopiga simu Shangazi ndiye aliyepokea, na kabla sijasema neno akasema, "Hatimaye. Nilikuwa karibu kupasuka."

Mkoba nilikuwa nao begani. Unajua. Sumaku ilikuwa imefika nusu ya nguvu yake, nami nilikuwa tayari kuishusha na kuondoka. Halafu ukasema lile neno lako: "Ukiizima kwa ajili yangu, nitaona hiki kidude wamekiweka bure." Nimerudi kazini na hasira juu yako na mapenzi juu yako, na sikujua mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili na bado akasoma mita sawasawa. Ngazi ya kwanza imetoka, Baba. Bapa kama meza yako.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapotaka ufike. Huo mstari wa njano umechorwa sakafuni kwa sababu. Ndani yake mtu mwenye kidude kama chako haruhusiwi hata kidogo. Nje yake nguvu ya sumaku imeshafifia, haimdhuru. Nimepima mimi, akapima Fundi wa Baridi, nikapima tena, akanifukuza. Nimezungumza na daktari wako, naye amekubali mradi usivuke, na kiti chako tutakiweka nyuma zaidi, kwenye korido, mlango ukiwa wazi. Utaniona na utanisikia. Pipa hutaligusa.

Najua utasema utakuwa umewekwa pembeni, na mimi ndiye niliyekutupia neno hilo. Lakini kwenye kazi yangu za katikati ndizo zinazozunguka bila kufika. Zinazofika ni za pembeni. Ukingo ndio wenye kazi yote, Baba. Nimeufanyia utafiti miaka hii yote, nikaja kuuelewa juzi kwenye droo.

Uliniuliza kama hazichoki. Hazichoki. Kwenye baridi ile, zikishashika ukingo, hata zikikutana na doa zinalizunguka na kuendelea.

Njoo na koti.

Pini


2 Mei

Pini binti yangu,

Marahaba. Nimefika salama, koti pia limefika salama, ila Shangazi yako analivaa akienda sokoni na kuniambia linamkaa vizuri kuliko mimi.

Kila mtu hapa ananiuliza niliona nini, na sijui nianzie wapi. Nikiwaambia nilikaa kwenye korido siku nzima nikitazama mlango, wananionea huruma. Kwa hiyo nawaambia mambo ya sakafu inavyong'aa na Fundi wa Baridi alivyonikemea nilipounyooshea mguu ule mstari, nikimtania tu, naye hataniwi. Lile lenyewe nimelibakiza, nikuandikie wewe.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa nampima mteja huku nataja, na wewe unaandika. Kifua. Kiuno. Urefu wa mkono. Ulikuwa unakosea ukiangalia mlango, nami nakugonga kichwani kwa futi ya kamba. Siku ile ukanipa penseli na karatasi, ukaingia ndani, ukaanza kutaja wewe. Nikaandika. Namba ikapanda, ikapanda, halafu ukataja moja, ukataja ileile, ukataja ileile tena. Nilidhani mashine imekwama, nikakuonea uchungu, siku yenyewe ya wageni na mzazi wako yuko mlangoni. Nikaacha kuandika. Wewe ukageuka na uso umejaa kicheko, ukaniambia, "Andika, Baba. Tuko juu ya ngazi." Nikaandika. Pini, sijawahi kufurahi namba isipobadilika.

Kuhusu lile neno la cherehani. Nilikuwa natania, na ndani ya utani kulikuwa na kweli kidogo, sitakuficha tena, nimeona kuficha kunavyonishinda. Lakini sikuwa nauliza nani atashona. Washonaji wapo. Nilikuwa nauliza nani atabaki nami chini ya ile meza jioni. Ningelisema hivyo siku ile ungelibeba mzigo mwepesi zaidi, au pengine usingekwenda kabisa, na mimi nisingekaa kwenye korido ile. Basi na liwe lilivyokuwa.

Kidude kinapiga kazi. Daktari amesifu kidonda, nikamwambia mshono wake umekaa vizuri ila mwisho hakufunga fundo kama inavyotakiwa.

Sumaku ibaki kwako. Pini zinadondoka kama kawaida, na mimi kuinama bado nimekatazwa. Shangazi yako naye amegoma, anasema mgongo wake si wa mtoto. Kwa hiyo zimelala palepale zinapoangukia, chini ya meza yote zimetapakaa, na nimesema asiziguse mtu.

Likizo ikifika, njoo nayo. Mlangoni usivue viatu.

Baba yako